Je, Mali Huleta Mapenzi? Uhakiki wa Riwaya ya The Great Gatsby

Kila mwaka tunapofika kwenye somo la fasihi na jamii huwapa wanafunzi wetu swali moja: Je, mali inaweza kumletea binadamu mapenzi na furaha? Hutakiwa kulijibu kwa kuitumia riwaya ya The Great Gatsby ya mwandishi wa Kimarekani F. Scott Fitzgerald, iliyotolewa mwaka 1925. Na karibu kila mwaka majibu huwa ni yale yale. Wengi huandika kwamba Gatsby alitajirika, akakosa mapenzi, akafa. Kwa hiyo fedha hainunui mapenzi, na maskini aridhike na hali yake kwa kuwa tajiri naye hulia. Hapana budi tukiri kwamba nasi tulipokuwa wanafunzi tuliandika hivyo hivyo, na mkufunzi wetu akatupa alama nzuri.

Leo tunaona kwamba jibu hilo ni potofu. Ubaya wake si kwamba ni fupi mno, bali kwamba linawafaa wanyonyaji kuliko linavyowafaa wanyonywaji. Mtu akimwambia mvujajasho kwamba fedha si kitu, huku yeye mwenyewe akiwa amezikalia fedha hizo, huyo anamtuliza ili asidai chake. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba riwaya yenyewe haisemi hivyo. Inasema jambo zito zaidi, na kada anayeisoma juu juu atalikosa.

Kisa chenyewe

Kwa faida ya wale ambao hawajaisoma, tueleze kisa kwa ufupi. Msimulizi ni Nick Carraway, kijana aliyekuja New York kufanya kazi ya kuuza hati za dhamana. Katika kiangazi cha mwaka 1922 anapanga nyumba ndogo kwa dola 80 kwa mwezi huko Long Island, mahali ambapo mwandishi amepaita West Egg, wanakokaa matajiri wapya. Jirani yake ni Jay Gatsby, mwenye jumba la fahari na karamu zisizokwisha. Ng'ambo ya ghuba ni East Egg, wanakokaa matajiri wa kurithi. Huko anaishi Daisy, ndugu wa mbali wa Nick, pamoja na mumewe Tom Buchanan.

Jina la kweli la Gatsby ni James Gatz, mtoto wa wakulima maskini wa North Dakota. Mwaka 1917, akiwa ofisa kijana wa jeshi katika mji wa Louisville, alipendana na Daisy, binti wa nyumba ya kitajiri. Vita ikampeleka Ulaya. Daisy alimngoja, akachoka, na mwezi Juni 1919 akaolewa na Tom. Gatsby akaingia katika biashara ya pombe ya magendo, na kwa muda wa miaka mitatu tu akachuma fedha ya kununua jumba linalotazamana na nyumba ya Daisy. Usiku husimama akiiangalia taa ya kijani inayowaka kwenye gati la upande wa pili.

Kwa msaada wa Nick wawili hao wanakutana tena. Lakini katika hoteli ya Plaza, mbele ya wote, Tom anamwumbua Gatsby kuhusu chanzo cha utajiri wake. Wakati wa kurudi, Daisy akiendesha gari la Gatsby anamgonga na kumwua Myrtle Wilson, mke wa mwenye gereji maskini, ambaye ndiye hawara wa Tom. Gatsby anakubali kuubeba mzigo huo. Tom anamweleza Wilson gari ni la nani. Wilson anampiga Gatsby risasi, kisha anajiua. Tom na Daisy wanafunga mizigo na kuondoka.

Mali ilinunua

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, ni kweli kwamba katika riwaya hii fedha haikununua mapenzi? Tuutazame usiku wa kuamkia harusi ya mwaka 1919. Tom amefika Louisville na watu mia moja katika mabehewa manne ya binafsi, na amempa bibi harusi mkufu wa lulu wenye thamani ya dola 350,000. Usiku huo Daisy anapata barua. Analewa, analia, anasema amebadili nia, anataka mkufu urudishwe kwa mwenyewe. Wanamtia katika maji baridi, na barua inalowa mkononi mwake mpaka inamomonyoka. Baada ya nusu saa mkufu uko shingoni. Kesho yake saa kumi na moja jioni anaolewa.

Ndugu msomaji, hebu tuupime mkufu huo. Mwaka 1914 kiwanda cha magari cha Henry Ford kilitangaza mshahara wa dola 5 kwa siku, na watu wakashangaa ukubwa wake. Mfanyakazi aliyelipwa mshahara huo, akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, asile, asivae, asipange chumba, angehitaji zaidi ya miaka 233 kuupata mkufu wa Daisy. Upande mmja wa mizani pana jasho la vizazi vinane au zaidi. Upande wa pili pana barua ya askari asiye na kitu. Barua ilishindwa. Basi asije mtu akatuambia kwamba fedha haikununua. Ilinunua, na bei yake imeandikwa.

Gatsby mwenyewe analijua hilo, na ndiyo maana hakwenda kuandika barua nyingine. Alikwenda kutafuta fedha. Anamwambia Nick wazi kwamba hata sauti ya Daisy ina mlio wa fedha ndani yake. Na siku anapomtembeza Daisy katika jumba lake, anamtolea mashati yake kutoka kabatini, moja baada ya jingine, ya kitani na hariri, mpaka yakawa lundo. Daisy anajiinamia juu ya mashati hayo na kulia. Wasomaji wengi hulicheka jambo hili. Sisi tunaliona kuwa ndilo jambo la kweli kuliko yote katika riwaya: miaka mitano ya huzuni imekosa mahali pa kutokea, ikatokea juu ya nguo za dukani.

Mali ipi, na ya nani?

Kama mali inanunua, kwa nini basi Gatsby alishindwa? Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu.

Gatsby hakushindwa kwa sababu alikuwa na mali. Alishindwa kwa sababu mali yake iliulizwa ilikotoka. Tuliangalie tena pambano la Plaza. Gatsby anamtaka Daisy atamke kwamba hakumpenda Tom hata siku moja. Daisy anasitasita, lakini bado yuko upande wake. Ndipo Tom anapofichua habari za maduka ya dawa yaliyouza pombe kwa siri, wakati ambapo pombe ilipigwa marufuku Marekani, tangu mwaka 1920 hadi mwaka 1933. Kuanzia hapo Daisy anaanza kujirudi ndani, na kila neno analosema Gatsby linamsogeza mbali zaidi.

Lakini je, ni nani katika chumba kile aliyeuliza mali ya Tom ilitoka wapi? Hakuna. Tunaambiwa tu kwamba jamaa zake wa Chicago ni matajiri mno, na kwamba alihama na kundi zima la farasi wa mchezo wa polo. Nani alichimba, nani alijenga, nani alipunjwa ujira ili farasi hao wapatikane, hatuambiwi. Na wote waliomo humo wanaona ni haki wasiambiwe. Mali ya jana ni wizi kwa sababu harufu yake bado ipo. Mali ya babu ni heshima kwa sababu harufu imekwisha kupoa. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya West Egg na East Egg, na maji ya ghuba yanayotenganisha sehemu hizo mbili ni muda tu.

Kwa hiyo basi, swali la wanafunzi wetu halikuwekwa sawasawa. Hatupaswi kuuliza kama mali kwa jumla huleta mapenzi kwa jumla. Yatupasa tuulize: mali ipi, imechumwa na nani, imemilikiwa na nani, na inamfanya nini yule anayeimiliki?

Machungwa mia mbili

Mwandishi ametoa jibu la swali hilo, ingawa mara nyingi amelitoa kwa pembeni. Kila Ijumaa huletwa katika jumba la Gatsby masanduku matano ya machungwa na malimau kutoka mjini. Jikoni ipo mashine iwezayo kukamua machungwa 200 kwa nusu saa, mradi mtumishi abonyeze kitufe mara 200 kwa kidole gumba. Jumatatu maganda hutoka kwa mlango wa nyuma, na watumishi wanane, akiwemo mtunza bustani wa ziada, hushinda kutwa wakisafisha na kutengeneza vilivyoharibiwa usiku.

Wageni hawakioni kidole hicho. Wanaona bilauri. Na hili ndilo tunalowaomba wanafunzi walishike: furaha inayotafutwa kwa namna hii daima ina mlango wa nyuma, na mlangoni hapo kuna mtu.

Mlango wa nyuma mkubwa kuliko yote ni bonde la majivu, lililo kati ya majumba ya Long Island na mji wa New York. Fitzgerald hakulibuni kutoka hewani. Huko Corona, katika eneo la Queens, palikuwa na jalala kubwa lililomwagwa majivu ya makaa ya mawe kutoka Brooklyn, mpaka lilipoondolewa kupisha maonyesho ya dunia ya mwaka 1939. Hapo ndipo mwandishi alipoweka gereji ya George Wilson. Moto wa matajiri uliwaka kwingine. Majivu yakamwagwa kwa Wilson.

Ukata nao haukuleta mapenzi

Wapo watakaotuambia: kama mali huharibu mapenzi, basi tuyatafute kwa maskini. Hapana. Riwaya haikubali ulaghai huo pia, na ndiyo maana tunaiheshimu.

Myrtle Wilson alimdhania mumewe kuwa mtu mwenye uwezo. Baadaye mtu mmoja akaja mlangoni kudai suti aliyokuwa amemwazima Wilson kwa ajili ya arusi. Myrtle akajilaza akalia alasiri nzima. Tangu hapo hakumsamehe. Naye Gatsby, je? Alipoingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ya wazazi wa Daisy alikuwa amevaa sare ya jeshi, ambayo haimtofautishi mtoto wa tajiri na mtoto wa mkulima. Sare ile ilikuwa suti ya kuazima vilevile, ila mwenyewe alichelewa kuja kuidai. Wanaume wawili hawa, mmoja mwenye kasri na mwingine mwenye gereji ya vumbi, walipendwa kwa nguo isiyokuwa yao, na wote wawili waliachwa nguo ilipovuliwa.

Myrtle akamtafuta Tom kama mtu anayetafuta tundu la kutokea bondeni. Alichopata ni chumba cha kupangishiwa mjini, mbwa wa dola 10, na kipigo kilichomvunja pua siku alipothubutu kulitaja jina la Daisy. Hatimaye alikufa barabarani, akikimbilia gari alilodhani limempakia Tom. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Umaskini haukuwaletea akina Wilson mapenzi safi. Uliwanyima hata nafasi ya kufahamiana. Kada yeyote anayewasifia wakulima na wafanyakazi kwa furaha ya ukata wao na alisome jambo hili mara mbili.

Na furaha, je?

Kama mali ilinunua mke, je, ilinunua furaha? Usiku wa ajali, Nick anachungulia dirishani na kuwaona Tom na Daisy wameketi jikoni, kati yao kuna kuku wa kukaanga aliyepoa na chupa mbili za bia, na hakuna aliyekigusa chakula. Hawagombani. Mkono wa Tom uko juu ya mkono wa Daisy. Wanapatana, na kinachowapatanisha ni usalama wa mali yao. Binti yao wa miaka mitatu yuko kwa yaya. Huletwa kuonyeshwa wageni, kisha hurudishwa. Hiyo ndiyo nyumba iliyoshinda.

Wakati huo huo Gatsby amesimama gizani nje akiilinda nyumba hiyo, akidhani Daisy atamhitaji. Kwa mazishi yake hawakuja wale mamia waliokunywa na kucheza bustanini mwake. Mshirika wake wa magendo alikataa. Mgeni mmoja aliyeishi humo kwa muda mrefu alipiga simu, lakini alikuwa anadai viatu vyake vya tenisi. Walioufuata mwili ni Nick, baba mzazi wa marehemu, watumishi wanne au watano, mpeleka barua, na mgeni mmoja mwenye miwani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na tuone nani waliofaa: zaidi ya nusu yao ni wale waliokuwa wakiingia kwa mlango wa nyuma.

Baba huyo alikuja na kitabu cha zamani cha mwanawe, ambamo kijana James alijiandikia ratiba mwaka 1906: saa ya kuamka, mazoezi ya mwili, masomo, akiba ya kila wiki. Hapo tunamwona mtoto mwenye juhudi ambazo taifa lolote lingejivunia. Jamii yake haikuwa na mahali pa kuzipeleka juhudi hizo isipokuwa kwenye fedha, wala haikuwa na kipimo cha kupendwa isipokuwa fedha hiyo hiyo. Huo ndio msiba wa Gatsby.

Makosa ya mwandishi

Haitoshi kusifu. Fitzgerald naye ana makosa, na yatupasa tuyataje.

Kwanza, anawaona wafanyakazi kutoka dirishani. Mwanamke wa Kifini anayempikia Nick hana jina. Wilson hana fikra ila huzuni.

Pili, kuhusu rangi na asili za watu. Mwandishi anamcheka Tom kwa kuamini vitabu vinavyotangaza kwamba watu weupe wako hatarini kuzidiwa na wengine, na hapo amefanya vema. Lakini Nick huyo huyo, anapokutana darajani na Waafrika watatu wa Marekani wakiendeshwa na dereva mweupe, anaangua kicheko na kuwaeleza kwa maneno ya dharau. Na Wolfsheim, mshirika wa Gatsby, amechorwa kwa kejeli za kale dhidi ya Wayahudi. Tusifumbie macho mambo hayo kwa sababu ya uzuri wa lugha.

Tatu, mwandishi mwenyewe aliipenda taa aliyoikosoa. Mwaka 1919 mchumba wake, Zelda Sayre, alivunja uchumba kwa kuwa kipato chake hakikutosha. Mwezi Machi 1920 riwaya yake ya kwanza ikatoka na kupata sifa, na mwanzoni mwa Aprili wakaoana. Alijua basi kwa mwili wake bei ya arusi. Alifariki mwaka 1940 akiwa na umri wa miaka 44, vitabu vyake vikiwa havinunuliwi sana. Ujuzi huo ndio uliompa ukweli wa kisa, na mapenzi yake kwa anasa ndiyo yaliyomzuia kutuonyesha njia ya kutoka. Riwaya yake inajua ugonjwa, haijui dawa.

Hitimisho

Tunawapa wanafunzi na makada maswali matatu ya kuchukua kila wanaposoma kisa cha mali na mapenzi. Kwanza, mali hiyo imetoka katika mikono ya nani? Pili, mlango wake wa nyuma uko wapi, na nani anaingia kwa mlango huo? Tatu, mpenzi anapendwa kama mtu, au anatamaniwa kama ushahidi kwamba mwenye kumpata amefika?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipokataa kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, halikusema kwamba fedha haina nguvu. Lilisema kwamba fedha ni matunda ya juhudi za watu, na kwamba ni kosa kuyaweka matunda mahali pa mti. Kosa hilo ndilo alilolifanya Gatsby katika mapenzi, na halikuwa lake peke yake.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja, mama wa makamo aliyetoka kijijini, aliinuka darasani baada ya wenzake kukubaliana kwamba fedha hainunui mapenzi. Akasema: "Ndugu mkufunzi, mimi niliposwa na watu wawili, na baba yangu akatazama ng'ombe. Msituambie fedha hainunui. Tuambieni tufanye nini ili isinunue." Darasa likanyamaza. Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile, na swali lake ndilo lililotufanya tuisome riwaya hii upya na kuandika makala haya. Kada atakayekwenda kufundisha kesho na aanzie kwenye swali la mama huyo, aliache lile letu la zamani.